Pikipiki ya zamani haitunzwi na mtu mmoja

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, pikipiki ni kwanza chombo cha kazi. Motari anaamka nayo asubuhi, anabeba abiria, magunia ya makaa, mgonjwa wa kupeleka hospitali, na jioni anahesabu pesa ya mwenye chombo kabla ya kuhesabu yake. Siku pikipiki inapochoka, hakuna anayeipa heshima ya mzee. Inafunguliwa: moteri inaenda kwa huyu, magurudumu kwa yule, na fremu inabaki nyuma ya garaji ikizungukwa na majani.

Mtu anayeona picha za Wazungu wenye mvi wakiwa juu ya pikipiki za miaka 80 ao 90, zinazong'aa kama sahani za arusi, anaweza kufikiri kwamba kwao vitu vya zamani vilipendwa siku zote. Sivyo. Uingereza, nchi iliyojulikana sana kwa pikipiki, nayo ilizitupa, ikaziyeyusha, ikaziuza kwa bei ya chuma kikuukuu. Zilizobaki zilibaki kwa sababu watu wachache walikubaliana kufanya chama. Na historia ya vyama hivyo inafundisha jambo ambalo kila mgeni anayetaka kuingia humo hulijua mapema: pikipiki ya zamani inanunuliwa na mtu mmoja, lakini haitunzwi na mtu mmoja.

Watu 38 katika mkahawa

Vita ya pili ya dunia ilipomalizika mwaka wa 1945, Uingereza ilikuwa imechoka. Mafuta ya esansi yalitolewa kwa kipimo, na kipimo hicho kiliendelea mpaka mwaka wa 1950. Pikipiki zilizokuwa nyingi ni zile za jeshi: BSA M20, ambayo zaidi ya 120,000 zilitengenezwa, pamoja na Norton 16H. Jeshi lilipoziuza, mtu aliyetaka chombo cha kwenda kazini aliweza kupata moja bila shida kubwa. Lakini zile za miaka ya 1910 na 1920 hazikuwa na bei. Wakati wa vita vyuma vingi vilikusanywa ili viyeyushwe na kufanywa silaha, na pikipiki zilizoponyoka zilikuwa zimelala katika vibanda na maghala ya wakulima.

Tarehe 28 Aprili 1946, watu 38 walikutana katika mkahawa ulioitwa Lounge Cafe, kwenye mgongo wa kilima cha Hog's Back, katika jimbo la Surrey, kusini-magharibi mwa London. Aliyekuwa mbele ya jambo hilo ni Charles Edmund Allen, ambaye wapenzi wa pikipiki walimjua zaidi kwa jina la utani, Titch. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Vintage Motor Cycle Club, kwa kifupi VMCC.

Neno vintage limetoka kwa watu wa divai, wanaolitumia kutaja mavuno ya mwaka fulani. Wenye magari walikuwa wamelichukua mbele yao, mwaka wa 1934, walipoanzisha chama chao cha Vintage Sports-Car Club. Sharti la watu wa Allen lilikuwa fupi: pikipiki iwe imetengenezwa kabla ya mwaka wa 1931, maana yake iwe na miaka 15 kwenda juu. Kilichoulizwa ni umri wa chombo, si bei yake. Kwa kuwa pikipiki za aina hiyo zilikuwa takataka machoni pa wengi, hata mfanyakazi wa kawaida aliweza kuipata moja, kuisafisha, na kufika nayo.

Ikumbukwe kwamba wazo la kuheshimu pikipiki za wazee lilikuwapo kabla ya hapo. Tangu mwaka wa 1930 kulikuwa na matembezi yanayoitwa Pioneer Run, kutoka upande wa London hadi mji wa Brighton ulio kando ya bahari, kwa pikipiki zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 1915. Waandalizi wake, Sunbeam Motor Cycle Club, walikuwa chama cha pikipiki kwa jumla. VMCC yenyewe ilijitoa kwa za zamani peke yake. Mwaka wa 1949 ikaanzisha matembezi yake, Banbury Run, na mpaka leo yanapokea zile tu zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 1931. Humo njiani kuna mlima mkali unaoitwa Sunrising Hill. Mwenye pikipiki ya vitesi moja, inayovutwa na mkanda badala ya sheni, anaufikia akiwa na sala mdomoni, na mara nyingine anaushinda kwa kusukuma.

Kiwanda kikifa, nani atatengeneza piesi?

Miaka ya 1950, kununua pikipiki ya Uingereza ilikuwa kama kununua kitu kisicho na mwisho. Kulikuwa na BSA, Triumph, Norton, Matchless, AJS, Velocette, Royal Enfield, Vincent na wengine. Hakuna aliyefikiri kwamba wote hao wangeweza kuanguka katika maisha ya mtu mmoja.

Walianguka. Vincent, ambaye Black Shadow yake iliweza kufika karibu kilometa 200 kwa saa, aliacha kutengeneza pikipiki mwaka wa 1955. Mwaka wa 1959 Honda wa Japani alipeleka pikipiki zake kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa ya kisiwa cha Man, na wengi hawakumwogopa. Miaka kumi baadaye akatoa CB750, yenye silinda nne, kitufe cha kuwashia moteri na freni ya diski mbele, bila kumwaga mafuta chini. Velocette ilifunga mwaka wa 1971. BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Katika kiwanda cha Triumph huko Meriden, wafanyakazi wenyewe walichukua kazi mikononi mwa ushirika wao, wakapigana mpaka mwaka wa 1983, wakashindwa. Jina la Triumph lilinunuliwa, na pikipiki mpya zenye jina hilo zikaanza kutoka katika mji wa Hinckley miaka ya 1990.

Royal Enfield alikuwa na bahati ya pekee. Mwaka wa 1955 kazi ya kuunganisha pikipiki yake aina ya Bullet ilianza huko Madras, India. Kiwanda cha nyumbani, Redditch, kilifungwa mwaka wa 1967, lakini mtoto wa India aliendelea kuishi. Kwa hiyo mwenye Bullet ya Uingereza anaweza kupata piesi nyingi kutoka India. Wengine walibaki yatima.

Hapo ndipo vyama vilibadilika. Mwanzoni vilikuwa mahali pa kukutana, kunywa chai na kutembea pamoja siku ya Jumapili. Viwanda vilipokufa, vyama vikalazimika kuwa kiwanda. Mfano unaojulikana sana ni ule wa wenye Vincent. Chama chao kilianzishwa mwaka wa 1948, kiwanda kikiwa bado hai. Miaka ya 1970 wanamemba walianzisha kampuni yao wenyewe ya kutengeneza piesi, kutoka skrubu ndogo mpaka vipande vikubwa vya moteri. Katika karne hii kampuni hiyo iliunganisha Black Shadow nzima kwa piesi mpya, ili kuonyesha kwamba pikipiki iliyokoma kutengenezwa mwaka wa 1955 bado inaweza kutengenezwa.

Jambo la pili ni vitabu. Kila kiwanda kilikuwa na daftari kubwa ambamo karani aliandika namba ya fremu, namba ya moteri, tarehe na duka lililopelekewa chombo. Kiwanda kilipofungwa, madaftari hayo yangeweza kwenda kwenye moto. VMCC ilikusanya mengi, pamoja na michoro na vitabu vya mafundi, ikafanya maktaba. Ni kazi isiyoonekana, lakini faida yake ni kubwa. Mtu akiokota pikipiki isiyo na hati katika ghala la marehemu babu yake, hawezi kuipatia plaki kwa maneno matupu. Chama kinatuma mtu anayeijua aina hiyo, anasoma namba zilizopigwa kwenye chuma, analinganisha na daftari, halafu chama kinaandika barua ya kuthibitisha mwaka. Ofisi ya serikali ya Uingereza inayoandikisha vyombo vya barabarani inaipokea barua ya vyama inavyovitambua. Kwa lugha ya kwetu, chama ndicho kinachosaidia chombo kisicho na karti rozi kupata tena kitambulisho chake.

Wahuni wa jana, wazee wa leo

Wazee wanaowakaribisha wageni leo, wengi wao hawakukaribishwa na mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana wa Uingereza aliyevaa koti la ngozi na kuendesha pikipiki ya kelele alionwa kama mhuni. Aliitwa rocker. Magazeti yalimwandika vibaya, mikahawa mingine ilimfungia mlango. Mwaka wa 1964 mapigano kati ya rockers na vijana wa skuta walioitwa mods, katika miji ya pwani kama Clacton, Margate na Brighton, yalizidisha sifa hiyo mbaya. Motari wa mashariki mwa Kongo, anayehesabiwa mkosaji kabla hata ajali haijachunguzwa, anaweza kuelewa hali hiyo bila kufasiriwa.

Mahali pao palipojulikana zaidi ni Ace Cafe, kando ya barabara kuu ya kaskazini mwa London, mkahawa uliofunguliwa mwaka wa 1938 kwa ajili ya madereva wa malori. Mwaka wa 1962 padri mmoja wa kanisa la Anglikana, Bill Shergold, ambaye mwenyewe aliendesha pikipiki, alikwenda hapo akawaalika vijana kwenye ibada ya kubariki pikipiki zao. Wengi walidhani atafukuzwa. Vijana wakaja. Kutokea hapo, chama cha vijana kilichokuwa kimeanzishwa mwaka wa 1959 katika parokia ya Hackney Wick, mashariki mwa London, kikapata sehemu ya wapanda pikipiki. Ndicho kinachoitwa mpaka leo 59 Club.

Ace Cafe ilifungwa mwaka wa 1969. Mwaka wa 1994 watu waliokuwa vijana wa wakati ule waliitwa kukutana tena mahali palepale, na maelfu wakafika. Mwaka wa 2001 mkahawa ukafunguliwa tena kikamilifu. Wahuni wa jana walikuwa wamekuwa mababu, na pikipiki walizozidishia mwendo zilikuwa zimekuwa urithi.

Mgeni anapofika

Mgeni anapokuja leo, anapitia nini?

Kwanza sheria. Tangu mwaka wa 1990, mwanafunzi wa pikipiki nchini Uingereza anatakiwa kupita mafunzo ya lazima kabla ya kuingia barabarani peke yake. Kijana wa miaka 17 akiyamaliza anaruhusiwa chombo kisichozidi sentimeta 125 za moteri, na anabandika herufi L nyekundu ili wengine wajue bado anajifunza. Kwa hiyo wengi wanaingia katika vyama na pikipiki ndogo, na hakuna aibu katika hilo. Hata BSA Bantam, ambayo postimeni wa Uingereza waliitumia kupeleka telegramu, ilianza mwaka wa 1948 na moteri ya aina hiyo.

Pili, miguu. Mtu aliyejifunza kwenye pikipiki ya kisasa anabadili vitesi kwa mguu wa kushoto na anakanyaga freni ya nyuma kwa mguu wa kulia. Kwenye pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya katikati ya miaka ya 1970, ni kinyume. Motari hodari wa Bukavu akipewa BSA ya mwaka wa 1955, siku ya kwanza angeweza kukanyaga freni akidhani anashusha vitesi. Zile za zamani zaidi hazina vitesi vya mguu kabisa. Kuna mpini wa mkono kando ya tanki.

Tatu, kuwasha. Hakuna kitufe. Unafungua bomba la esansi, unabonyeza kidude kidogo juu ya kabureta mpaka mafuta yaanze kuchuruzika, unarudisha nyuma mpini wa cheche ulio kwenye usukani, unatafuta kwa mguu mahali ambapo pistoni inabana, unaipitisha kidogo, halafu unapiga kwa nguvu mara moja. Ukisahau mpini wa cheche, moteri inaweza kurudisha teke na kuumiza kifundo cha mguu. Vitabu vinaeleza hayo yote, lakini hakuna kitabu kinachoweza kueleza kiasi cha kubonyeza kwa pikipiki fulani asubuhi ya baridi. Hilo linajulikana na aliyekaa nayo miaka 30. Ndiyo maana baadhi ya vyama vina siku za mafunzo, ambapo wazee wanaleta pikipiki zao wenyewe na kuwapa wageni wazipande katika uwanja uliofungwa. Mzee anampa mtu asiyemjua kitu ambacho hakina dukani. Halafu anasimama pembeni, mikono nyuma, akisikiliza sauti ya moteri yake ikienda mbali.

Nne, adabu. Hakuna anayegusa pikipiki ya mwenzake bila kuomba. Mgeni hasifii bei ya chombo, anauliza habari zake: kilitoka wapi, nani alikirekebisha, nini kinasumbua. Na mara nyingi kazi yake ya kwanza si kupanda bali kusimama. Matembezi makubwa yanahitaji watu wa kusimama kwenye njia panda, kuonyesha upande wa kupita. Anayetoa Jumapili yake kwa kazi hiyo, akiloa mvua huku wengine wakipita wakimpungia mkono, jioni anajulikana kwa jina.

Katika vikundi vingi kuna pia mpango mmoja rahisi wa kutembea bila mtu kupotea. Kiongozi anatangulia, na mtu wa mwisho anajulikana, mara nyingi kwa koti la rangi kali. Kila mkifika njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama hapo kuwaonyesha wengine njia. Wote wakiisha kupita, mtu wa mwisho akitokea, yule aliyesimama anajiunga tena mbele yake. Njia panda inayofuata, mwingine anasimama. Kwa namna hiyo mgeni wa wiki moja na mzee wa miaka 50 wanafanya kazi ileile, kila mmoja kwa zamu yake, na anayekwenda polepole haachwi.

Njia iliyopita Kongo

Historia hii si ya Uingereza peke yake. Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo mpaka mwaka wa 1960, nayo ilikuwa nchi ya pikipiki. Katika mji mdogo wa Herstal, karibu na Liège, kulikuwa na viwanda vitatu: FN, Saroléa na Gillet. Wapenzi wa pikipiki waliviita mabinti wa Herstal. FN na Saroléa vilianza na bunduki kabla ya kuingia katika pikipiki, mwanzoni mwa karne ya 20. FN ndiyo iliyotoa pikipiki ya kwanza ya silinda nne kutengenezwa kwa wingi duniani, katikati ya miaka ya 1900, miaka zaidi ya 60 kabla ya ile Honda ya silinda nne. Mwaka wa 1926 Mfaransa Robert Sexé na mwenzake Henri Andrieux walizunguka dunia kwa pikipiki za Gillet. Mabinti wote watatu waliacha kutengeneza pikipiki kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960. Zilizobaki ziko mikononi mwa wapenzi na vyama, kama ilivyokuwa Uingereza.

Na kuna safari iliyopita katika ardhi ya Kongo yenyewe. Tarehe 11 Desemba 1934, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther ya sentimeta 600, yenye kiti cha pembeni na mkokoteni nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakashuka mpaka Kongo ya Wabelgiji, wakapita Afrika ya Mashariki, na tarehe 29 Julai 1935 wakafika Cape Town. Kabla ya safari, Blenkiron alikuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka kwa pikipiki kiwanja cha mashindano cha Brooklands kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160.

Kinachohusu habari hii zaidi ni kile Wallach alichofanya baadaye. Wakati wa vita alikuwa tarishi wa pikipiki katika jeshi la Uingereza. Halafu akahamia Marekani, akatengeneza na kuuza pikipiki, akawa mmoja wa viongozi wa kwanza wa chama cha kimataifa cha wanawake wapanda pikipiki, WIMA, kilichoanzishwa mwaka wa 1950 na Mmarekani Louise Scherbyn. Aliandika kitabu cha kufundisha kupanda pikipiki, na katika miaka ya 1970 akafungua shule ya wanafunzi wapya huko Phoenix, Arizona. Mwanamke aliyekuwa na haki ya kukaa na kusimulia Sahara maisha yake yote, alichagua kuwashika mkono watu ambao hawakujua hata kuwasha moteri. Alifariki mwaka wa 1999, akiwa na miaka 90.

Nani atarithi

Leo vyama vya Ulaya vina wasiwasi mmoja: wanamemba wanazeeka. Mzee akifariki, pikipiki inaweza kuuzwa siku hiyohiyo, lakini sikio lake lililojua kasoro kwa sauti haliuzwi. Wameanza kutafuta dawa. Ya kwanza ni kuacha umri wa chombo usogee pamoja na miaka. VMCC haikubaki kwenye mwaka wa 1931. Leo inapokea pikipiki yoyote yenye miaka 25 kwenda juu, ingawa Banbury Run imebaki kwa zile za kale. Shirikisho la kimataifa la vyombo vya zamani, FIVA, lililoanzishwa mwaka wa 1966, linadai miaka 30, na chombo kiwe kimetunzwa katika hali inayofanana na ya asili. Kwa sheria hizo, pikipiki za Japani ambazo wazee wa zamani walizidharau zimekuwa nazo pikipiki za heshima, na kijana anaweza kuingia na Honda ao Yamaha ya baba yake.

Dawa ya pili ni kufungua mlango kwa furaha. Mwaka wa 2012, huko Sydney, Australia, Mark Hawwa alianzisha matembezi ya wenye pikipiki za mtindo wa zamani wanaovaa suti na tai, kama watu wanaokwenda arusini. Yanaitwa Distinguished Gentleman's Ride. Yalienea katika miji mingi ya dunia, na yanachangisha pesa kwa ajili ya afya ya wanaume, hasa saratani ya tezi dume. Mgeni haulizwi anajua nini. Anaulizwa kama amekuja.

Kwetu, hesabu ya miaka 25 inafungua macho. Yamaha AG100, ile ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, yenye sheni iliyofunikwa na vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, imewabeba mapadri, wauguzi na wafanyakazi wa mashirika katika barabara za matope. Ile iliyotoka kiwandani mwaka wa 1995 imekwisha kuvuka umri wa kuandikishwa VMCC. Kwa kipimo cha FIVA pia, miaka yake inatosha. Bajaj Boxer iliyonunuliwa mwaka wa 2015 itafikia miaka 25 mwaka wa 2040. Swali ni nani atakuwa anajua habari zake siku hiyo.

Wale watu 38 wa mwaka wa 1946 hawakuwa na jumba la makumbusho, wala msaada wa serikali, na hata esansi ya kutosha hawakuwa nayo. Walikuwa na meza ya mkahawa, sharti moja, na orodha ya majina. Kazi kama hiyo haishindi uwezo wa chama cha wamotari, parokia ao garaji ya mtaa: daftari moja lenye namba ya fremu, namba ya moteri, mwaka, majina ya waliokimiliki chombo na ya fundi aliyekirekebisha. Na pembeni ya fundi mzee anayejua AG100 kwa sauti tu, kijana mmoja wa kumshikia funguo na kuuliza.